Mtu Asiyewekewa Bima: Robert Downey Jr. na Waliothubutu Kumdhamini

Usiku wa tarehe 10 Machi 2024, jijini Los Angeles, Robert Downey Jr. alipanda jukwaani kupokea Tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora msaidizi kwa kuigiza nafasi ya Lewis Strauss katika filamu ya Oppenheimer. Ilikuwa mara yake ya tatu kuteuliwa na ya kwanza kushinda, naye alikuwa amebakiza wiki chache tu kutimiza miaka 59. Alianza kwa kuushukuru utoto wake mbaya, kisha waandaaji wa tuzo, na akasisitiza kwamba anashukuru kwa mpangilio huo huo. Akamshukuru mkewe Susan, ambaye kwa maneno yake alimkuta kama mnyama wa kuokotwa anayenguruma, akampenda mpaka akarejea kuwa hai. Watu walicheka na kupiga makofi. Sentensi iliyonikaa mimi, hata hivyo, ni ile aliyomtaja wakili wake wa miaka 40, Tom Hansen, akaeleza kwamba nusu ya miaka hiyo wakili huyo aliimalizia katika kumtafutia bima na kumtoa mahabusu.

Ukumbi ulilichukulia hilo kama mzaha mwingine, nami nadhani lilikuwa jambo zito kuliko yote aliyosema usiku ule. Hadithi ya mwigizaji huyu husimuliwa kila mahali kama hadithi ya nia: mtu alizama, akajikaza, akaibuka. Sina haja ya kuikanusha nia yake, kwa sababu bila hiyo asingekuwa hai. Lakini nikiufuatilia mwendo wake mwaka kwa mwaka, naona kwamba nia peke yake ilimfikisha mlangoni tu, na mlango wenyewe ulifunguliwa na watu wachache waliokubali kupoteza fedha zao au jina lao iwapo angewaangusha tena.

Wengi wetu Afrika Mashariki tulimfahamu kuanzia mwaka 2008, akiwa ndani ya vazi la chuma la Iron Man, katika zile sahani za DVD za mitaani zilizobanwa filamu nane kwa pamoja na jalada lenye picha ya filamu ambayo wakati mwingine haimo kabisa. Kwetu alikuja akiwa tayari nyota. Ule mwanzo wake mzuri na ule mwanguko wake mrefu ulitupita, na ndiyo maana inafaa kuanza mbali kidogo.

Alizaliwa Manhattan, New York, tarehe 4 Aprili 1965. Baba yake, Robert Downey Sr., alikuwa mtengenezaji wa filamu za kejeli za gharama ndogo, zile zinazopendwa na wachache na kukumbukwa kwa muda mrefu, na mama yake, Elsie, alikuwa mwigizaji. Mtoto alionekana kwenye filamu kwa mara ya kwanza mwaka 1970, akiwa na miaka 5, katika kazi ya baba yake iitwayo Pound, ambamo waigizaji wanacheza nafasi za mbwa waliofungiwa wakisubiri kuchukuliwa au kuuawa. Yeye alikuwa mbwa mdogo. Karibu na umri huo huo, baba yake alimpa bangi. Hili si uvumi. Wote wawili walilizungumza hadharani kwa miaka mingi. Downey aliwahi kueleza kwamba kutumia dawa pamoja na baba yake kulikuwa namna pekee ambayo mzee huyo aliijua ya kumwonyesha mapenzi. Mzee naye alikuwa mraibu, akaja kuacha, na akaishi akijutia jambo hilo hadi kifo chake mwaka 2021. Kwa hiyo mtu anaposema anaushukuru utoto wake mbaya, si lazima tufikiri anatania.

Aliacha shule ya sekondari huko Santa Monica mwaka 1982 na kurudi New York kutafuta kazi za uigizaji. Mwaka 1985 alichukuliwa kwenye kipindi cha vichekesho cha televisheni cha Saturday Night Live, akadumu msimu mmoja tu. Mwaka 1987 akapata nafasi iliyowafanya watu wakae sawa kwenye viti: katika Less Than Zero aliigiza Julian, kijana wa familia yenye uwezo anayeteketezwa na kokeini na madeni. Baadaye alisimulia kwamba kabla ya filamu hiyo alikuwa akitumia dawa baada ya kazi na mwisho wa wiki, lakini baada yake mipaka hiyo ikaondoka, na akaanza kuishi kama yule kijana aliyemwigiza, kisha akampita.

Kilele cha ahadi yake kilikuwa Chaplin, filamu ya mwaka 1992 iliyoongozwa na Richard Attenborough. Alikuwa na miaka 27 wakati filamu inatoka, na alitakiwa kumwigiza mtu ambaye mwili wake unajulikana dunia nzima, tangu ujana hadi uzee wenye nywele nyeupe. Alijifunza kupiga fidla na kucheza tenisi kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa Charlie Chaplin, yule mchekeshaji wa filamu bubu, alitumia mkono huo. Ukiitazama leo filamu hiyo utaona ina kasoro: ni ndefu, imejaa matukio, na inakimbia kutoka mke mmoja hadi mwingine kama anayesoma orodha. Yeye ndani yake ni suala jingine. Kuna sehemu anajifanya mlevi jukwaani, anaanguka, anasimama, anaanguka tena, na kila anguko lina akili yake. Mtu aliyelewa kweli hawezi kuanguka hivyo. Waingereza walimpa tuzo ya BAFTA ya mwigizaji bora, na Wamarekani wakamteua kwa Oscar, ambayo mwaka huo ilikwenda kwa Al Pacino.

Hapa pana jambo ambalo wasimuliaji wengi hulipita haraka. Chaplin haikurudisha gharama zake. Hata kabla ya kuanguka, Downey hakuwa nyota wa kuuza tiketi. Alikuwa mwigizaji ambaye waigizaji wenzake, waongozaji na wahakiki walimpenda, na mtaji wake wote ulikuwa kauli yao kwamba huyu kijana ana kipaji. Mwigizaji anayeingizia studio mamia ya mamilioni akianza kuharibikiwa hufichwa, hutafutiwa daktari wa siri na kuahirishiwa ratiba. Mwenye sifa bila mauzo hana mto wa kuangukia.

Mambo yalipasuka mwaka 1996. Mwezi Juni alisimamishwa na polisi huko Malibu kwa mwendo kasi, na ndani ya gari zikakutwa heroini, kokeini na bastola aina ya .357 Magnum isiyokuwa na risasi. Wiki chache baadaye, Julai, aliingia katika nyumba ya jirani akidhani ni kwake, akavua nguo, akalala kwenye kitanda cha mtoto. Mama mwenye nyumba akampigia simu polisi. Magazeti yalilicheka tukio hilo kwa miezi. Mahakama ilimpa muda wa uangalizi, kwa sharti la kupimwa dawa za kulevya mara kwa mara. Akakosa vipimo. Desemba 1997 Jaji Lawrence Mira wa Malibu akampeleka jela ya kaunti kwa miezi 6, akatumikia siku 113. Akatoka, akakosa vipimo tena.

Agosti 1999 alisimama mbele ya jaji huyo huyo na kumwambia kwamba hali yake ni sawa na kuwa na bunduki mdomoni, kidole kikiwa kwenye kifyatuzi, na kwamba anaipenda ladha ya chuma chake. Nimekutana na maelezo mengi ya uraibu, ya madaktari na ya waraibu wenyewe, na sijui mengine yaliyo mafupi na ya kweli kama hayo. Jaji alimhukumu miaka 3. Alipelekwa kwenye gereza la matibabu ya uraibu lililoko Corcoran, katikati ya mashamba ya California, akawa mfungwa namba P50522, akafanya kazi jikoni kwa ujira wa senti 8 kwa saa. Mteule wa Oscar alikuwa akikwangua vyombo vya kuokea.

Alitoka Agosti 2000, baada ya takriban mwaka mmoja, mahakama ya rufaa ilipokubali kwamba siku alizokwisha kukaa kizuizini na katika vituo vya matibabu zihesabiwe. Kilichofuata kilionekana kama muujiza: siku chache tu baadaye akaajiriwa katika tamthilia ya televisheni ya Ally McBeal, akacheza wakili mwenye mapenzi na mhusika mkuu, watazamaji wakaongezeka, na Januari 2001 akapewa tuzo ya Golden Globe. Laiti habari ingeishia hapo, ingekuwa safi kama zinavyotakiwa kuwa habari za aina hii. Lakini tayari mwezi Novemba, katika mapumziko ya Sikukuu ya Shukrani, alikuwa amekamatwa na dawa hotelini Palm Springs, na Aprili 2001 akakamatwa tena huko Culver City. Tamthilia ikamfukuza mara moja. Alikuwa na miaka 36.

Nasisitiza urudiaji huo kwa sababu unachosha, na uraibu kwa kawaida huchosha. Kwenye mitaa yetu tunawajua mateja waliopelekwa kwao kijijini, wakarudi wamenenepa, wakasali msikitini au kanisani kwa miezi mitatu, kisha siku moja simu ya shangazi ikapotea. Tangu Muhimbili waanze kutoa methadoni mwaka 2011, na tangu nyumba za upataji nafuu zianze kuenea Zanzibar na bara, wapo wengi waliopona na kubaki wamepona. Hata hivyo ukimuuliza aliyepona ni kitu gani kigumu, mara nyingi hatakutajia arosto. Atakutajia kwamba hakuna anayemkabidhi funguo za duka.

Hollywood ina namna yake ya kukataa kukabidhi funguo, nayo imeandikwa kwenye mikataba. Mtayarishaji wa filamu huru huhitaji mkopo wa benki. Benki haitoi mkopo mpaka ipate uhakika kwamba filamu itamalizika, na uhakika huo hutolewa na kampuni maalumu inayojifunga kwamba mambo yakienda kombo, aidha itatoa fedha za kumalizia, aidha itawarudishia wakopeshaji fedha zao. Kampuni hiyo nayo haisaini mpaka waigizaji wakuu wawe na bima, kwa sababu mwigizaji akifa, akiugua au akifungwa katikati ya upigaji picha, kila siku inayopita watu mia wakikaa bure inagharimu fedha nyingi. Mwenye bima humtuma daktari ampime mwigizaji, huangalia historia yake, kisha hutaja bei au hukataa. Akikataa, mnyororo wote unakatika: hakuna dhamana, hakuna mkopo, hakuna filamu. Mwongozaji anaweza kumpenda mwigizaji kwa moyo wake wote na bado asiwe na la kufanya.

Ndivyo ilivyotokea kwa mwongozaji Woody Allen alipotaka kumtumia Downey pamoja na mwigizaji Winona Ryder katika filamu yake ya Melinda and Melinda. Kampuni za dhamana zilikataa kwa sababu waigizaji hao hawakupata bima, na nafasi zao zikachukuliwa na Will Ferrell na Radha Mitchell. Hakuna aliyesema Downey hajui kuigiza. Walisema bima yake haina bei.

Katika kipindi hicho hicho, mwaka 2001, alionekana kwenye video ya wimbo wa Elton John, I Want Love. Elton John mwenyewe hayumo. Downey anatembea peke yake ndani ya jumba tupu la Greystone, Beverly Hills, amevaa mavazi meusi, akiigiza kuimba, na kamera inamfuata kwa picha moja ndefu isiyokatwa kuanzia mwanzo hadi mwisho wa wimbo. Hakuna mwenzake wa kuzungumza naye, hakuna samani wala vazi la kumficha. Nimeitazama mara nyingi, na kinachonishangaza ni utulivu wake: hajihurumii, hajipendekezi, anapita tu chumba hadi chumba kama mtu anayekagua nyumba ambayo ameambiwa hatainunua. Kwa mwigizaji aliyekuwa amefukuzwa kazi miezi michache nyuma, picha moja isiyo na pa kukata ni mtihani mkubwa. Ukikosea, wote wanaanza upya. Labda hiyo ndiyo ilikuwa barua yake ya maombi ya kazi.

Sheria nayo ilimsaidia. Novemba 2000 wapiga kura wa California walikuwa wamepitisha Pendekezo la 36, lililowapa wenye makosa ya kupatikana na dawa kwa matumizi yao wenyewe nafasi ya kwenda kwenye matibabu badala ya gerezani. Mwaka 2001 Downey akanufaika nalo: mwaka mmoja wa matibabu na miaka 3 ya uangalizi. Kama makosa yale angeyafanya miaka michache mapema, huenda angerudi Corcoran.

Mdhamini wa kwanza wa kweli alikuwa mwigizaji na mwongozaji Mel Gibson. Walikuwa marafiki tangu walipoigiza pamoja katika Air America ya mwaka 1990. Gibson alikuwa mmoja wa watayarishaji wa The Singing Detective, iliyotoka mwaka 2003, na bima ilipokuwa kikwazo, alitoa fedha mfukoni mwake kuigharamia. Mwongozaji alikuwa Keith Gordon, ambaye mwaka 1986 aliwahi kuigiza pamoja na Downey kama wanafunzi marafiki katika kichekesho cha Back to School. Watu wawili waliomjua kabla ya kuharibikiwa ndio waliompa kazi baada ya kuharibikiwa, na sidhani kwamba ni bahati tu. Filamu yenyewe haikufanya vizuri sokoni. Ilitosha kwamba ilianza, ikaendelea na ikaisha, na Downey alikuwepo kila siku. Kwa mtu wa bima, hicho ndicho cheti.

Iliyofuata ilikuwa Gothika, pia ya mwaka 2003, chini ya mtayarishaji Joel Silver. Silver hakuwa rafiki wa utotoni, alikuwa mfanyabiashara, na alitafuta njia ya kibiashara: asilimia 40 ya malipo ya Downey ilizuiliwa hadi upigaji picha utakapokamilika. Kwa lugha ya mitaani, aliambiwa afanye kazi kwanza, nyingine atapewa akimaliza salama. Kuna kinaya ndani ya filamu hiyo ambacho hupenda kunichekesha. Wote walimkodolea macho Downey, wakisubiri aisimamishe kazi, na kazi ikasimama kweli kwa wiki kadhaa, lakini ni kwa sababu mkono wa mwigizaji mwenzake, Halle Berry, ulivunjika Downey alipokuwa akimshika katika onyesho la purukushani. Ilikuwa ajali ya kawaida ya kazini. Mtu mwenye hatari kuliko wote kwenye makaratasi alikuwa mzima wa afya.

Humo humo alikutana na Susan Levin, mtayarishaji kijana aliyekuwa akifanya kazi na Silver. Susan alimpa sharti lisilo na upenyo: ama dawa ama yeye. Downey mwenyewe husimulia kwamba mwaka huo alisimama kula baga kwenye barabara ya pwani akiwa na gari lililojaa dawa, baga ikamchefua kiasi cha kuhisi kuna jambo baya litatokea, akazitupa dawa zote baharini. Ni hadithi tamu, na magazeti yanaipenda kwa kuwa inatosha kwenye kichwa cha habari. Mimi huipokea kwa tahadhari. Mtu huyo huyo ameeleza pia juu ya tiba, vikundi vya waraibu wanaopata nafuu, yoga na mazoezi ya Wing Chun, sanaa ya kujihami ya Kichina ambayo ameifuata kwa miaka, na hayo ni mambo ya Jumatatu hadi Jumapili yasiyo na bahari wala mlango wa gari uliofunguliwa kwa hasira. Walifunga ndoa Agosti 2005.

Mwaka huo huo Silver alitoa Kiss Kiss Bang Bang, filamu ya kwanza kuongozwa na Shane Black, ambaye kabla ya hapo alijulikana kama mwandishi wa miswada. Downey anaigiza mwizi mdogo anayekimbia polisi, akajikuta kwenye usaili wa uigizaji, akafaulu kwa sababu machozi yake ni ya kweli. Filamu iliingiza dola milioni 15 na ushei duniani kote, kiasi ambacho studio kubwa huita hasara. Ikawa hata hivyo filamu iliyomfanya mwongozaji Jon Favreau amwone kama mtu anayeweza kubeba vichekesho na huzuni katika sentensi moja, na Downey amesema wazi kwamba bila hiyo asingelipata vazi la chuma.

Sasa tuangalie hali ya Marvel, kampuni ya vitabu vya katuni inayommiliki Iron Man, wakati huo, kwa kuwa bila kuijua hatuwezi kupima ukubwa wa walichofanya. Kampuni ilikuwa imeshauza haki za mashujaa wake maarufu kwa studio nyingine, na mwaka 2005 ikafunga mkataba wa mkopo wa dola milioni 525 na benki ya uwekezaji ya Merrill Lynch ili ijitengenezee filamu zake yenyewe, ikiweka rehani haki za filamu za wahusika iliobaki nao. Filamu zikifeli, wahusika wangechukuliwa. Iron Man ilikuwa ya kwanza, kwa bajeti ya takriban dola milioni 140. Katika mazingira hayo Favreau akawaambia wakubwa kwamba anamtaka mtu wa miaka 40 na ushei, aliyewahi kufungwa, ambaye miaka michache nyuma bima zilimkataa. Jibu la kwanza lilikuwa hapana, tena hapana isiyo na mjadala. Favreau aliendelea kung'ang'ania, akavujisha fununu kwamba mazungumzo yanaendelea ili aone umma utasemaje, na hatimaye Downey akafanya majaribio mbele ya kamera, jambo ambalo mtu aliyewahi kuteuliwa kwa Oscar angeweza kulionea aibu. Alijiandaa kama anayekwenda kufanya mtihani wa mwisho. Alipomaliza, mjadala ukaisha.

Sababu ya Favreau ilikuwa nzuri kuliko huruma. Tony Stark, mtu aliye ndani ya vazi la Iron Man, ni tajiri mwenye kipaji na kiburi, mlevi wa sifa na wa pombe, anayepigwa na matokeo ya kazi yake mwenyewe na kulazimika kuishi na kipande cha chuma karibu na moyo. Watazamaji wa Marekani waliokuwa wamesoma magazeti ya 1996 hadi 2001 hawakuhitaji kuelezwa mengi. Kila mara Stark anapofanya mzaha ili asizungumzie jambo linalomuuma, walikuwa wakimtazama mtu ambaye waliona akifanya hivyo mbele ya kamera za mahakama. Sisi wa huku hatukuwa na historia hiyo, na bado ilifanya kazi, na nadhani hapo ndipo kipaji kilipo. Filamu ilitoka Mei 2008 na kuingiza takriban dola milioni 585. Ile sentensi ya mwisho, ambapo Stark anaweka kando karatasi aliyoandikiwa na kuwaambia waandishi wa habari kwamba yeye ndiye Iron Man, Downey aliitunga mwenyewe papo hapo, na kwa kuwa watayarishaji waliiacha, mfululizo mzima ukaachana na desturi ya mashujaa kuficha majina yao. Aliyekuwa hapewi bima akawa mtu ambaye mkopo mzima uliegemea juu yake.

Baada ya hapo mambo yaliyosalia hayahitaji kurefushwa: uteuzi wa pili wa Oscar kwa Tropic Thunder, Sherlock Holmes mwaka 2009, Avengers hadi mwaka 2019, Dolittle ya mwaka 2020 ambayo afadhali tuinyamazie. Shane Black alipewa kuongoza Iron Man 3 ya mwaka 2013, ikaingiza zaidi ya dola bilioni 1.2, fadhila ya ile filamu ya milioni 15 ilirudi.

Fadhila ya Gibson ilikuwa ngumu zaidi kuirudisha. Tangu mwaka 2006, alipokamatwa akiendesha gari amelewa na kutoa matusi dhidi ya Wayahudi, Gibson alikuwa ameanza kukwepwa, na kanda za mwaka 2010 za matusi yake kwa mama wa mtoto wake zikamaliza kabisa subira ya watu. Oktoba 2011 Downey alipokuwa akitunukiwa na American Cinematheque, taasisi ya filamu ya Los Angeles, aliomba akabidhiwe tuzo na Gibson, kisha akageuka kuwaomba waliokuwa ukumbini wamsamehe rafiki yake na kumwacha afanye kazi. Alisimulia kwamba alipokuwa hana kazi, Gibson alimwambia asikate tamaa, amtafute Mungu kwa njia yake, na ayakumbatie makosa yake hata kama yanachoma, na kwamba hakumdai kitu ila siku moja amsaidie mwingine.

Sijaweza kulikubali ombi hilo moja kwa moja, wala kulikataa. Downey alijidhuru mwenyewe kuliko alivyodhuru wengine, ilhali maneno ya Gibson yalilenga watu, na mwanamke mmoja alikuwa na malalamiko ya kupigwa ambayo Gibson hakuyapinga mahakamani. Hayo si makosa ya aina moja. Ila naielewa sababu ya Downey kusimama pale. Aliyewahi kudhaminiwa wakati hakuna sababu yoyote ya busara ya kumdhamini hawezi kuanza kudai busara zamu yake inapofika.

Ipo pia hesabu nyingine ambayo shangwe za Oscar haziigusi. Wengi waliolala naye Corcoran hawakuwa na Tom Hansen, wala rafiki tajiri wa mwaka 1990, wala mtayarishaji aliyekuwa tayari kuwaajiri huku akizuia sehemu ya mshahara. Walitoka na fomu ya maombi ya kazi yenye kisanduku cha kuuliza kama umewahi kupatikana na hatia. Downey hajawahi, kwa ninavyomsoma, kujifanya kwamba hakujua tofauti hiyo, ingawa pia sijaona akiizungumzia kwa urefu ambao ningependa.

Tarehe 24 Desemba 2015 Gavana Jerry Brown wa California alitoa msamaha kwa watu 91, na Downey alikuwa mmoja wao, kwa ajili ya makosa ya mwaka 1996. Mahakama ya Los Angeles ilikuwa imethibitisha kabla kwamba ameishi kwa uadilifu tangu alipomaliza adhabu. Msamaha wa namna hiyo haufuti hukumu kwenye kumbukumbu. Hurudisha baadhi ya haki, mojawapo ikiwa ile ya kukaa kwenye baraza la mahakama na kuamua kesi ya mtu mwingine. Wengi katika ile orodha walikuwa watu wa makosa ya dawa za kulevya waliokwisha kutumikia vifungo vyao zamani na kuishi miaka zaidi ya 10 bila kosa jipya. Magazeti yaliandika jina moja, wengine 90 wakabaki kwenye orodha ya gavana.